Paul Shapiro na nyama isiyotoka kwa mnyama, hoja yake inatuhusu sisi wa Dar kuliko tunavyodhani

Chanika Ndani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna mtu nimekuwa nikimfatilia na naona humu hajawahi kujadiliwa vizuri, maana kila ikitajwa nyama ya maabara watu wanakimbilia "mzungu anataka kutulisha plastiki" na uzi unafia hapo. Leo naomba tuvumiliane, tusome mpaka mwisho ndo tubishane.

Jamaa anaitwa Paul Shapiro, Mmarekani. Mwaka 1995 akiwa bado anasoma sekondari alianzisha klabu ya kutetea wanyama shuleni kwao, ikakua mpaka ikawa shirika kamili lililoitwa Compassion Over Killing, kazi yao kubwa ilikuwa kuingia na kamera kwenye mashamba ya kuku na machinjio halafu wanaonyesha umma kinachofanyika mle ndani. Baadae akahamia Humane Society of the United States, shirika kubwa la kutetea wanyama, huko ikawa ni kubana makampuni na kupigania sheria. Wale wanaokumbuka kura ya California ya 2008, ile iliyosema kuku wa mayai lazima apate nafasi ya kugeuka na kunyoosha mbawa, ilipita kwa zaidi ya asilimia 60, basi hiyo ndo mitaa aliyokuwa anahangaika nayo.

Sasa sikilizeni kilichomgeuza. Miaka yote hiyo ya video na maandamano, Wamarekani waliendelea kula nyama vilevile, mtu mmoja kule anakwenda zaidi ya kilo 100 kwa mwaka. Watu wanaangalia video, wanalia, kesho yake wako foleni ya kuku wa kukaanga. Akaona huruma ipo ila haifiki mezani. Mwaka 2018 akatoa kitabu kinaitwa Clean Meat, dibaji kaandika mwanahistoria Yuval Noah Harari, kinaeleza wanasayansi na wafanyabiashara wanaokuza nyama kutoka kwenye seli bila kuchinja, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni yake, The Better Meat Co., pale West Sacramento, California.

Mfano wake mkubwa ni mafuta ya nyangumi. Zamani taa za Marekani na Ulaya ziliwaka kwa mafuta ya nyangumi, na anasema kilichoua soko lile sio mahubiri ya kuwahurumia nyangumi, ni mafuta ya taa kuingia sokoni yakiwa rahisi. Na farasi wa mjini hawakupumzishwa na watetezi wa farasi, walipumzishwa na gari. Kwaiyo ye anasema acha kumgombeza mtu juu ya sahani yake, mletee kitu kinachomshibisha, kitamu, bei ileile au chini, ye mwenyewe atahama.

Mi hii hoja imenikaa kwa sababu nimefanya kazi banda la kuku wa mayai huku kwetu. Keji za waya zimepangwa kwa ghorofa, kuku wamebanana mle wanne watano, chini ya miguu ni waya tupu, kucha zinaota mpaka zinajizungushia kwenye waya na ukimtoa kuku inabidi ukate kucha kwanza ndo atoke. Asubuhi ukifungua mlango harufu ya mkojo inakukaba koo kabla hujaona kitu. Mwenye banda alikuwa mtu mstaarabu tu, anasomesha watoto, anafata ushauri aliopewa na wauza keji. Toka pale sijawahi kuona kwamba shida ni watu wabaya. Shida ni kwamba Dar inakua, inataka mayai na kuku wengi kwa bei ya chini, na njia pekee tuliyoonyeshwa ni hiyo.

Swali langu kwenu: hii hoja ya jamaa inaweza kufanya kazi hapa kwetu? Na kama inaweza ianzie wapi?

Mnada Pugu

Mkuu nimesoma yote kwa utulivu. Mi naishi kwa ng'ombe, nanunua Shinyanga na Simiyu, nashusha mnada wa Pugu, wanaenda machinjioni Vingunguti. Naomba nikwambie kitu kimoja, huyo bwana anapambana na vita ya kwao. Kule ng'ombe anafungiwa anajazwa mahindi, huku kwetu ng'ombe anatembea porini anakula majani ambayo wewe na mimi hatuwezi kula, anageuza kuwa nyama, maziwa, ngozi na mbolea. Kwa Msukuma ng'ombe ni benki, ni mahari, ni ada ya shule, mtoto akiugua usiku ndo anauzwa huyo. Sasa ukija na nyama ya kukuzwa kwenye matangi inayotoka California, hela yote inapanda ndege inaenda kwao. Hilo lazima lisemwe.

Afu Mtanzania mwenyewe anakula nyama kiasi gani? Wizara huwa inataja kilo 15 hivi kwa mwaka. Kumwambia mtu wa kilo 15 apunguze wakati mwenzie yuko juu ya kilo 100 sio haki hata kidogo.

Chanika Ndani

Mkuu Mnada Pugu hapo kwenye haki niko na wewe asilimia zote, na ndo maana sijaandika popote kwamba mtu aache nyama. Ila angalia jiji lenyewe. Ng'ombe wako anatembea sawa, lakini ongezeko kubwa la nyama tunalokula hapa mjini ni kuku, broila, na broila hatembei popote, anakaa wiki tano anaenda sokoni. Na hata hao ng'ombe wa kutembea, ardhi haiongezeki. Kilosa mwaka 2000 wakulima na wafugaji walifikia kuuana, wakafa watu zaidi ya 30, chanzo malisho na maji. Watu mjini wakiongezeka na kila mmoja akitaka nyama zaidi, hayo malisho yatatoka wapi?

Mlimani Baiolojia

Naomba niweke sawa upande wa sayansi maana humu kuna vitu viwili vinachanganywa.

Nyama ya kukuza wanachukua seli kidogo kutoka kwa mnyama mzima, hachinjwi, wanaziweka kwenye tangi lenye joto la mwili, wanazilisha sukari, amino asidi, chumvi na vitamini, zinagawanyika mpaka zinakuwa tishu. Ni seli za nyama kabisa, sio plastiki. Baga ya kwanza ilipikwa London Agosti 2013, kazi ya Mark Post wa chuo kikuu cha Maastricht, ikagharimu euro 250,000 kipande kimoja, hela aliitoa Sergey Brin wa Google. Walioonja wakasema inakaribia nyama ila haina mafuta, kavu. Mtu yeyote aliyewahi kula mshikaki wa nyama tupu bila kipande cha mafuta katikati anaelewa walimaanisha nini.

Toka hapo bei imeshuka sana lakini bado haijafika bei ya buchani. Shida kubwa ni lishe ya zile seli. Mwanzoni walitegemea seramu inayotoka kwenye damu ya ndama aliye tumboni kwa ng'ombe aliyechinjwa, ghali mno na inaua maana nzima ya kutochinja, kwaiyo makampuni yamehangaika miaka kutafuta mbadala. Singapore iliruhusu kuuza Desemba 2020, Marekani ikaruhusu kampuni mbili Juni 2023, halafu Italia ikapiga marufuku mwaka huohuo na jimbo la Florida likafata 2024.

Kampuni ya Shapiro mwenyewe haifanyi hiyo. Yeye anakuza ukungu. Mnaolima uyoga mnajua ule utando mweupe unaosambaa ndani ya mfuko kabla uyoga haujachomoza, basi wao wanakuza utando wa aina hiyo kwenye matangi, aina inaitwa Neurospora, wanavuna nyuzi zenyewe. Zina protini nyingi na zinatafunika kama nyuzi za nyama. Sio kitu kigeni duniani, Java Magharibi kule Indonesia watu wanakula oncom toka enzi, wanachukua mashudu ya karanga au masalia ya soya wanapandisha ukungu wa jamii hiyohiyo wanakaanga. Uingereza nao wana Quorn toka 1985, ukungu mwingine ila wazo ni lilelile.

Sisi mashudu ya alizeti na karanga tunawapa ng'ombe na kuku basi. Nikiwa na hela ya utafiti ningeanzia hapo, sio kwenye seli.

Kigoda Magomeni

Assalaam alaykum. Kabla hatujafika mbali kuna suala la halali, maana Dar hii bidhaa ya nyama isiyo na jibu hilo haitauzika hata iwe bure. Baraza la Kiislamu la Singapore, Muis, lilitoa fatwa Februari 2024 kwamba nyama ya kukuza inaweza kuwa halali ikiwa seli zimetoka kwa mnyama anayeruhusiwa, na vilevile visiwepo vitu vya haramu kwenye utengenezaji. Ila wapo wanazuoni wanaotaka na mnyama awe amechinjwa kisheria, kwaiyo ile hadithi ya kutochinja kabisa kwa Muislamu haijakaa sawasawa, kwa hao seli zinatakiwa zitoke kwenye chinjo sahihi, japo chinjo moja linaweza kulisha watu wengi sana. Na ile seramu ya damu nayo ina maswali yake.

Uyoga, soya, kunde havina mjadala huo. Kama kuna mlango rahisi ni huo.

Hesabu Posta

Mleta uzi umeandika vizuri ila naomba nipinge mfano wa nyangumi. Ni kweli mafuta ya taa yaliua soko la mafuta ya kuwasha taa. Lakini nyangumi waliouawa karne ya 20 ni wengi kuliko walivyouawa zamani, kwa meli za injini na mizinga ya kurusha mikuki, mafuta yakaenda kwenye margarini na sabuni. Waliponea kwa sheria, marufuku ya kimataifa ya uwindaji wa kibiashara iliyoanza 1986. Kwaiyo bidhaa mpya peke yake haikutosha, iliua matumizi moja yakazaliwa mengine.

Na upande wa hela mambo ni magumu. Beyond Meat ya Ethan Brown, kampuni ya Marekani ya nyama ya mimea, iliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25, miezi michache ikavuka dola 200, watu wakasema nyama imekwisha. Mwaka 2025 hisa hiyo ikashuka chini ya dola 1. Wateja walionja mara moja wakarudi kwenye nyama, kwa sababu bei ilikuwa juu na ladha haikuwapa sababu ya kurudia.

Chanika Ndani

Hesabu Posta nyongeza ya nyangumi ni nzito na naichukua, sheria na bidhaa vinatakiwa viende pamoja, na Shapiro mwenyewe kabla ya kiwanda alikuwa mtu wa sheria, ile 2008 haikuwa bidhaa. Ila hapo kwa Beyond naona umeisaidia hoja yake badala ya kuibomoa. Hawakushindwa kwa sababu watu wanachukia wazo, walishindwa mezani, bei na ladha, ndo hasa anachosema jamaa.

MamaLishe Buguruni

Jamani mimi nataka kuongea kama mpishi maana mnazungumza dola na matangi na chakula chenyewe hamjakigusa.

Nyama ya soya inauzwa Kariakoo kwa kilo na mifuko, imekauka, ukiipima kavu kilo moja ikiloweka inajaa sufuria. Watu wengi wanaichukia kwa sababu wanaipika vibaya, wanaitia kwenye mchuzi moja kwa moja inabaki na ile harufu ya unga mbichi. Loweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, subiri ilainike, kamua kwa mikono kwa nguvu mpaka maji yatoke ya njano, mwaga, weka maji mengine, kamua tena. Ukimaliza ndo unaitia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, binzari ya pilau, iache inywe. Ikaange kidogo kwenye mafuta mpaka pembeni ikauke, ndo uitie kwenye rosti ya nyanya au tui la nazi. Hapo mtu anauliza hii nyama gani.

Uyoga mamama nao usiuloweke, unanyonya maji kama sponji. Futa, chana kwa mkono kwa kufata nyuzi zake usikate na kisu, paka viungo vya mshikaki, tunga kwenye kijiti ubane sana maana ukipata moto unasinyaa nusu. Jiko la mkaa liwe kali, upate ile rangi ya kuungua pembeni.

Wateja wangu huwa nawaambia wazi leo kuna soya na kuna nyama, simdanganyi mtu chakula. Mwisho wa mwezi nyama kilo iko elfu kumi na kitu, mafundi na bodaboda wanachukua wali wa soya kwa sababu sahani inajaa. Wengine mwezi ukianza wanarudi kwenye nyama, wengine hawarudi. Niliwahi kuweka bango la faida za kiafya, halikuuza sahani hata moja ya zaidi. Harufu ya jikoni ndo inauza.

Msabato Ukonga

Mama umenena. Sisi Wasabato hili jambo ni la siku nyingi, John Harvey Kellogg, daktari wa Battle Creek kule Michigan, huyohuyo wa konfleksi, alikuwa anatengeneza nyama za karanga na ngano toka mwishoni mwa karne ya 19. Nyumbani tunafanya ya ngano, unakanda unga wa chapati mgumu, unaacha upumzike kwenye maji, halafu unauosha huku unaukanda, maji meupe yanatoka unamwaga, unaendelea mpaka maji yawe safi, kinachobaki mkononi kinavutika kama mpira, hicho unachemsha na viungo unakata vipande unakaanga. Kazi yake ni mikono tu. Na ukitembea Kisutu utakuta migahawa ya Wahindi ambao hawajala nyama vizazi na vizazi, hapahapa Dar, chakula kinanukia mpaka barabarani. Kwaiyo tusiongee kama hili jiji halijui.

Lishe Kwanza

Naomba wazazi wanisikilize hapa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 unaonyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano Tanzania wana udumavu. Mtoto mdogo anayepata kipande cha nyama, dagaa au yai mara chache kwa wiki anahitaji hicho kipande. Vitamini B12 haipo kwenye soya wala uyoga wa kawaida kwa kiasi cha kutegemea, na madini ya chuma ya kwenye maharage mwili unayachukua kidogo kuliko ya nyama, inabidi kuyala na kitu chenye vitamini C, ndimu, embe, nyanya mbichi. Mtu mzima anayekula nyama kila siku kwenye baa ni habari nyingine kabisa na mtoto wa Mbagala. Anayetangaza mbadala wa nyama Dar asimguse mtoto. Maharage, kunde, choroko na dagaa viongezwe kwenye sahani, visije kama kisingizio cha kumnyima yai.

Mhaya wa Sinza

Na senene je? Msimu ukifika kopo la senene Dar ni ghali kuliko nyama na tunanunua. Protini ya wadudu nayo wazungu wanaitafuta, sisi tunayo toka kwa mababu.

Mnada Pugu

Lishe Kwanza asante sana. Hata mimi nataka kuuliza, mbona hamzungumzii dawa? Maana kwenye kuku huko ndo kuna mambo, watu wanachanganya OTC, ile antibiotiki, kwenye maji kila wiki kuku awe mzima au mgonjwa, na anauzwa kabla dawa haijatoka mwilini. Mimi ng'ombe wangu hana hayo. Ila nakumbuka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilivyoua watu zaidi ya 100 nchini, Dar ilikimbia nyama ya ng'ombe, biashara ikalala. Kwaiyo na sisi hatuko salama, soko likikimbia siku moja unaisha.

Chanika Ndani

Mkuu hapo umegusa kitu ambacho kinaniuma kweli. Zile dawa nimezipima kwa mkono wangu kwenye ndoo za maji ya kuku. Bakteria wakizoea dawa bandani wanakuja na usugu huohuo hospitali, na hapo hatuna keji ya kuwafungia. Kwangu mimi hii ni sababu kubwa kuliko hata hali ya hewa, ingawa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 walikadiria mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na binadamu, sehemu kubwa ni ng'ombe.

Sasa turudi kwenye wapi pa kuanzia. Kuna kitu kampuni ya Shapiro ilifanya mwanzoni ambacho watu hawakizungumzii, naona kwa Dar ndo chenyewe. Mwaka 2019 kampuni kubwa ya kuku ya Marekani, Perdue, ilitoa nageti zilizochanganywa, kuku na mboga na dengu, protini ya mimea ikatoka Better Meat Co. Mtetezi wa wanyama aliyeanza na kamera za siri akakaa meza moja na muuza kuku, wakauza kuku aliyepunguzwa. Mi naona ni uamuzi wa mtu anayetaka idadi ya kuku mabandani ipungue kweli, hataki kubaki msafi peke yake.

Na sisi kuchanganya tunajua. Katlesi ni viazi vyenye nyama ndani. Kababu, sambusa, mtu anasaga nyama na vitunguu, hakuna anayelalamika. Sambusa ngapi zinauzwa Dar kila asubuhi kwenye vibanda, mashuleni, misibani, maofisini? Humo ndo pa kuingilia, nusu nyama nusu soya iliyokamuliwa vizuri au uyoga uliosagwa, muuzaji aseme wazi, bei ishuke kidogo. Ng'ombe wa Mnada Pugu bado yumo, mtoto bado anapata nyama yake, Kigoda hana swali la seli, na kwenye zile za kuku anayepunguzwa ni broila wa banda na dawa. Hatuhitaji kusubiri tangi la California literemke bandarini ndo tuseme tumeanza.

Mnada Pugu

Nusu kwa nusu siwezi kukataa. MamaLishe hiyo kababu ya nusu kwa nusu unaiwekaje isivunjike? Mke wangu anauza vitafunwa Gongo la Mboto, akijaribu anataka ajue kipimo.

MamaLishe Buguruni

Kaka yangu mwambie shemeji asianze na nusu, aanze na robo ya soya kwa robo tatu ya nyama, wateja wakizoea apandishe. Soya akishaikamua aisage pamoja na nyama, asiisage peke yake inakuwa vumbi. Kushika atie kiazi kimoja kilichochemshwa na kupondwa pamoja na yai, au unga wa dengu vijiko vitatu kwa kila kilo ya mchanganyiko kama hataki yai. Akande, aache kwenye friji nusu saa ndo aviringe, mafuta yawe ya moto kweli. Zikivunjika ujue soya ilibaki na maji. Mwambie ani PM nimpe na mtu anayeniuzia uyoga Kibamba.